Naomba Moto

Haya niliyasema Jumamosi, baada ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya binti niliyemfundisha, kihambani kwao, shamba la ukoo, huko Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Umeme ulikatika katikati, na waliokaa upande wa zizi hawakusikia kitu, ndiyo maana wameniomba niyaandike. Nimenyoosha pale nilipojikwaa. Jina lake halimo. Mama yake amependa libaki nyumbani.

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu mliopanda kutoka Majengo na Pasua, asalaam aleikum.

Baba Padre, Bibi, Mama, baba wakubwa na baba wadogo, wajomba, mashangazi. Wagumu wa mlimani, wabeba mizigo ya wageni, naona mmekuja wengi, na wengine mmeshuka jana tu, midomo bado imepasuka kwa baridi. Na nyie watoto wa kikundi cha kutembea, mliokaa kwenye ukingo wa mfongo, huo mfereji wa maji, ingawa mmeambiwa msikae. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika kumi. Waliopanga ratiba wananifahamu: nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na kengele ikigonga ndipo ninapoanza mada. Vumilieni. Hilo neno "vumilieni" nitalirudia baadaye, nina ugomvi nalo.

Sikuja kusema alikuwa malaika. Alikuwa mbishi. Alikopa hema langu akalirudisha na tundu, akasema tundu lilikuwepo. Halikuwepo.

Nilimjua akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja ofisini na mfuko wa rambo umejaa majani, mbegu, na kitu kilichooza ambacho alishikilia kuwa ni uyoga. Alitaka majina. Mawili nilimpa, la tatu nikabuni, maana siku zile niliamini mwalimu hasemi "sijui". Wiki mbili baadaye akarudi. Alikuwa ameomba lifti kwenye gari la mchanga mpaka Mweka, kwenye kile chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa 1963, akamsumbua mtu wa maktaba mpaka akafunguliwa kitabu, kisha akaja kunisahihisha. Mbele ya walimu wenzangu, saa ya chai.

Bibi, chanzo cha yote haya unakijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyemtuma kukata majani ya ng'ombe kule nusu maili, kwenye ule ukanda wa msitu uliotengwa tangu miaka ya 1940 ili vijiji vipate kuni na malisho. Wenzake walirudi saa nne asubuhi na mizigo kamili. Yeye saa nane mchana, mzigo nusu, na habari ndefu ya mbega. Ng'ombe akashinda njaa. Uliniambia ulimchapa mara moja tu, halafu ukaona haina maana, ukaanza kumtajia miti kwa Kichagga jioni mkimenya ndizi. Daftari lake lina safu tatu za majina: la Bibi, la Mwalimu, na la kitabu. Pale ambapo la Mwalimu halikubaliani na mengine ameweka alama ya kuuliza. Nimezihesabu. Sitawaambia ni ngapi.

Viatu vyake vya kwanza tulivinunua soko la Memorial, mtumba, namba mbili zaidi. Muuzaji akasema atavikuta akikua. Hakuvikuta. Alivaa soksi tatu tatu kwa miaka minne.

Ile michoro mezani, tafadhali msiweke soda juu yake. Kila Januari alisimama palepale kwenye kona ya kanisa, asubuhi kabla ya mawingu, akachora barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Ipo tisa. Alikuwa amesoma kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kuondoka, na yeye hakuwa mtu wa kuambiwa, alitaka kuona mwenyewe. Ukiipanga kwa mfuatano utaona ule ulimi wa barafu wa upande wetu unavyosinyaa. Inawezekana pia mkono wake ulikuwa unajifunza kuchora. Nilimwambia hivyo, akanuna siku mbili.

Naomba niwaulize, na mjibu kwa mikono. Ukiwatoa wagumu, nani hapa amewahi kulala kule juu? Mmoja. Wawili. Padre, wewe ulilala Mandara, kituo cha kwanza, tunahesabu. Watatu. Basi. Sisi watu wa Moshi mlima tunautazama kama saa ya ukutani. Asubuhi tunatupa jicho: leo kutanyesha, leo hakunyeshi, tunakwenda zetu kazini. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuukanyaga, na sisi tunawauzia maji ya chupa. Jambo hilo lilimkera sana. Vitabu vikimwambia habari ya mlima inaanza na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889, yeye alianza na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, tunayemkumbuka kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Alipenda kusema kwamba Mzee Lauwo alifariki 1996, miaka michache tu kabla yeye hajazaliwa, na kwamba kama wazazi wake wangeharakisha kidogo wangeweza kukutana. Mama, samahani. Aliyasema yeye.

Na alikuwa na hadithi yake. Wote hapa mnaijua, lakini watoto wanapenda irudiwe.

Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya mlima wetu, walikuwa majirani. Siku moja moto wa Mawenzi ukazimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, akampa na ndizi, na ndizi zilikuwa tamu. Mawenzi alipofika kwake akauzima moto kwa makusudi, akarudi. "Jirani, moto umezimika tena." Akapewa moto, akapewa ndizi. Mara ya tatu Kibo akachoka, akachukua mchi, akampiga, akampiga, mpaka akabaki vile tunavyomwona leo, amechongoka na kuvunjikavunjika, mita 5,149, na mwenzake yuko pale mviringo, mzima, mita 5,895.

Mimi niliisimulia kama onyo juu ya uongo. Yeye tangu mtoto aliipinga. "Mwalimu, kosa la Mawenzi si uongo. Alikuwa na njaa. Angesema tu ana njaa."

Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa niseme kilichotokea, maana mjini yamesemwa mengi. Wapo waliosema alianguka. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema mlima haupendi wasichana, na aliyesema hilo namwona hapa, na leo namsamehe kwa kuwa amekuja. Mama ameniruhusu nieleze.

Alikuwa amemaliza mitihani ya muhula. Miezi minne alikuwa hajapanda, alikuwa na vitabu. Akapigiwa simu jioni: mgumu mmoja ameugua, safari inaondoka kesho, njia ya Marangu, siku tano. Alikwisha fanya kazi hiyo likizo tatu, na wenzake walimpenda kwa sababu alibeba sawa na wao. Akakubali kabla simu haijakatwa.

Nivumilieni nifundishe kidogo, sijui kuhuzunika bila hesabu. Mjini Moshi hatufiki mita 1,000. Hapa kihambani hatufiki 2,000. Geti la Marangu ni kama mita 1,870. Usiku wa kwanza unalala Mandara, 2,720. Usiku wa pili Horombo, 3,720. Usiku wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huohuo wa manane unaamshwa uende kileleni. Mnaona hizo namba? Kutoka kituo hadi kituo, mita 1,000. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Ndiyo maana kuna safari za siku sita, zenye siku moja ya ziada pale Horombo, mwili uzoee. Ya kwao ilikuwa ya siku tano. Si kosa la sheria. Siku ni pesa, mgeni analipa, na mwenye likizo fupi anataka fupi.

Na kuna uongo tunaojiambia hapa nyumbani, kwamba mtoto wa mlima hashikwi na mlima. Mwili hauna kumbukumbu ya ukoo. Mapafu hayajui kwamba bibi yako amezikwa Uru. Kule juu hewa ni ileile, ila imelegea, na kileleni msukumo wake ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta kidogo. Mwili unahitaji siku kadhaa kujipanga, na ukishuka ukakaa bondeni wiki chache unasahau kila kitu. Aliyekaa Moshi miezi minne na mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi, kwa mlima wanafanana. Ujana hausaidii. Nguvu hazisaidii, wakati mwingine zinaponza, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye anayekwenda haraka na mzigo mgongoni, kwenye baridi.

Horombo alianza kukohoa, kikohozi kikavu. Akamwambia mwenzake ni vumbi. Asubuhi pumzi ilikuwa fupi hata amekaa. Akasema ni mafua.

Wagumu mnajua kwamba Kibo hakuna maji. Yanabebwa kutoka chini, kutoka pale penye kibao cha maji ya mwisho. Siku ile alibeba mzigo wake, uliopimwa getini, haukuzidi zile kilo 20 za sheria. Kisha mwenzake mmoja alipochoka, akamsaidia dumu. Alifika Kibo akilibeba. Yaani alikuwa anawapelekea watu maji huku maji yanajaa kwenye mapafu yake. Ndivyo ule ugonjwa ulivyo. Mishipa ya mapafu inabanwa kwa kukosa hewa, msukumo wa damu unapanda, maji yanavuja kuingia mahali pa pumzi. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Si kesho. Kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku, na oksijeni njiani ikiwepo.

Jioni kiongozi alipita na kile kipimo cha kidole, cha oksijeni. Aliwapima wageni wote, mmoja mmoja, akawauliza kichwa, tumbo, usingizi. Wagumu hakuwapima. Sitamtaja wala kampuni sitaitaja, na nina sababu, mtaisikia. Saa tano usiku wenzake wa chumbani walisikia kifua chake kinatoa sauti kama mtungi unaochemka. Wakawasha tochi, wakaona midomo. Hawakungoja amri. Wakamfunga kwenye machela ile ya gurudumu moja, vijana wanne, wakaanza kushuka gizani kwenye ule uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi.

Hao vijana wanne wako hapa. Simameni. Msione haya, simameni. Mama hajawahi kuwaona pamoja.

Kaeni, asanteni.

Alifariki kabla hawajafika Maji ya Mwisho. Wanasema kulikuwa kumeanza kupambazuka nyuma ya Mawenzi. Wanasema dakika chache kabla aliwaomba radhi kwa kuwasumbua.

(Hapa nilinyamaza kidogo, na ndipo umeme ulipokatika. Yanayofuata niliyasema kwa sauti yangu.)

Nikaja hapa msibani siku ile, kama wote, nikiwa na hasira. Nilikuwa na orodha kichwani ya wa kulaumiwa: kampuni, kiongozi, mgeni mwenye likizo fupi, hata yule mgumu aliyeugua. Nililala hapa siku tatu za msiba. Usiku wa pili, tukiwa tumezunguka moto, kijana mmoja wa kikundi akasimulia habari ya kumsifu marehemu, na mimi nikapoa mwili mzima, kwa sababu nilikuwemo.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tulitembea kutoka hapa mpaka Kibosho, makorongo yote yale, shuka panda, shuka panda, ng'ambo ya mto Karanga na kurudi. Tulipofika alivua kiatu, na soksi zote tatu zilikuwa nyekundu. Kisigino kilikuwa kimechunika tangu saa tatu asubuhi. Hakusema. Na mimi nikamsimamisha kwenye benchi mbele ya watoto arobaini, nikanyanyua mguu wake watu waone damu, nikasema: "Mtazameni huyu. Hakulalamika. Huyu ndiye mtembeaji." Wakampigia makofi. Nikavua kofia yangu kichwani nikamvisha. Kile kikofia cha kijani. Alikuwa nacho Kibo.

Nilimsifu kwa jambo lililomuua. Nimelifikiria mwaka mzima, nimelizungusha huku na huku, linarudi palepale. Kiongozi yule alimkosea usiku mmoja. Mimi nilimfundisha miaka saba. "Jikaze." "Mvumilivu hula mbivu." Nilikuwa nayaandika ubaoni. Na si mimi peke yangu. Mtoto akilia tunamwambia nyamaza, wewe ni mkubwa. Msichana akitaka kwenda mahali pa wanaume tunamwambia sawa, lakini tusisikie umeshindwa. Tukampeleka kwenye kazi ambayo hata jina lake ni mtego. Mtu mnayemwita mgumu, atawaambiaje anaumwa? Na akisema, anashushwa, na posho na bahasha ya mwisho ya wageni vinapungua, na safari ijayo hapigiwi simu. Wagumu, nimekosea? Hamtikisi vichwa, lakini hamkatai.

Bibi, kwa desturi yetu aliyekosa haji mikono mitupu. Nimekuja na jani la sale, jani la kuombea msamaha. Nililifunga fundo mwenyewe asubuhi, na fundo si zuri. Naliweka hapa mbele yako na mbele ya Mama.

(Bibi alilipokea. Alichoniambia hakikuwa cha kipaza sauti, na hapa hakimo.)

Baada ya msiba nilitaka kikundi kivunjwe. Niliwaita watoto niwaambie. Mdogo wake, huyu hapa mwenye shati la bluu, akasema hapana. Akasema dada alikuwa na neno lake kuhusu Mawenzi, tulitumie. Wakabishana wenyewe, mimi nimekaa pembeni kama mgeni, na wakatoka na kanuni moja tu. Mtu yeyote, mahali popote, akisema "naomba moto", tunageuka. Hatumuulizi sababu. Hatumwambii bado kidogo. Hatumpimi kwa macho kama anaigiza. Wote tunageuka na kushuka naye, na maswali tunauliza chini.

Nikawaambia haitafanya kazi, watoto wataitumia kwa uvivu. Mdogo wake akaniuliza, "Kwa hiyo?" Sikuwa na jibu.

Wakaongeza kwamba kila tunapopumzika, mimi mkubwa ndiye naanza kusema kinachoniuma. Kwa hiyo sasa wote mnajua habari za magoti yangu, na kuna watoto wa darasa la tano mtaani wananiuliza kwa sauti kama nimepata choo. Nimezoea.

Wagumu wawili waliokuwemo usiku ule wamelipeleka neno hilo mlimani. Sisemi limeenea, ni watu wachache kwenye mahema machache. Mmoja aliniambia mwezi uliopita lilitamkwa kambi ya Barafu, saa nane usiku, na mtu akashushwa, na yuko mzima hapo Soweto mjini Moshi anafuga kuku.

Kwenye kikundi limetamkwa mara moja. Ilikuwa Jumamosi mbili zilizopita, tukielekea maporomoko ya Materuni. Tulikuwa na mtoto mgeni, ana miaka tisa, siku yake ya kwanza. Tulikuwa hatujapita hata kona ya pili. Akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono kama yuko darasani, akasema, "Naomba moto."

Watu ishirini na sita wakasimama. Wapo wakubwa waliotoka mjini kwa nauli yao, na siku ilikuwa nzuri, Kibo chote kiko wazi. Nilimwona msichana mmoja anafungua mdomo halafu anaufunga. Tukageuka. Tukashuka mpaka kwenye lile duka la chini, mdogo wake marehemu akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akamuuliza taratibu anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Nina njaa."

Mama, yale maandazi uliyotupa tukale juu kwenye maporomoko, tuliyala palepale kwenye ngazi za duka, saa mbili na robo asubuhi.